Shangazi na Ufunguo wa Msumarini

"Maji ya kunywa mnayo?" Hiyo ndiyo ilikuwaga hodi ya Shangazi. Usidhani alikuwa na kiu. Angeweza kuwa ametoka kunywa soda kwa jirani muda huo huo. Unamletea glasi, anaiinua kwenye mwanga, anaitazama, ananusa, ndipo anapiga funda moja na kukurudishia. Kwa funda hilo moja alikuwa ameshajua kama tangi limeoshwa, kama bili imelipwa au tunachota kwa majirani, na kama anayesimamia nyumba ana habari na watu wanaoishi ndani yake. Mie nilikuwa naona ni makeke ya uzee tu. Nilikuwa mtoto, nikimwigiza uani kwa kikombe cha plastiki, wenzangu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Nyumba yenyewe iko Temeke, upande wa Tandika. Ni nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Aliijenga babu yetu, yaani baba yake Shangazi, na kabla hajafa aliiweka wakfu kwa ukoo wake. Aliwaita watu wa msikitini wakae washuhudie, akasema nyumba hii haiuzwi, haigawanywi, wala asitokee wa kusema ni yake peke yake. Vyumba vipangishwe. Kodi iitengeneze nyumba kwanza, kinachobaki kisomeshe watoto wa ukoo na kitibu wagonjwa wake. Ila chumba kimoja, cha mbele kushoto, hakipangishwi kamwe. Hicho ni cha aliyekwama: binti aliyeachika, mjane, kijana aliyesimamishwa kazi, mgonjwa aliyetoka shamba kuja hospitali. Na ufunguo wake haukai mfukoni mwa mtu. Unaning'inia kwenye msumari koridoni, ili mwenye shida asilazimike kumpigia magoti yeyote. Anafika, anautungua, anafungua, analala. Maswali baadaye.

Shangazi hakuwa na cheo chochote kwenye wakfu huo. Kwa desturi yetu msimamizi ni mtoto wa kiume mkubwa, na kwa miaka mingi alikuwa kaka yake, Baba Mkubwa wangu. Cheo Shangazi alijipa mwenyewe, nacho kilikuwa ni kuja bila taarifa. Alikuwa ameolewa Ukonga na askari magereza, mtu mpole ajabu kwa kazi yake, na alipofiwa naye akabaki huko huko kwenye nyumba ya marehemu. Anatokea Ukonga, anashuka barabarani, unamwona huyo anakuja: mwembamba, mrefu, dira limemzidi, ushungi umekaa upande, pochi nyeusi imebanwa kwapani. Mkononi hana kitu. Ndizi hakuleta, maandazi hakuleta, na begi ndiyo usitaje kabisa.

"Mgeni mwenye begi anaandaliwa," aliniambia siku moja. "Mie nataka nyumba inione nikiwa tayari nimeshaiona."

Baada ya maji anakwenda chooni. Anakaa huko mpaka unaanza kuwaza kama ukamgongee. Akitoka, anaanza kusalimia wapangaji mlango kwa mlango. "Shikamoo" anazipokea, watoto anawashika vichwa, halafu linakuja swali lake. "Jina lako nani, mwanangu? Na msimamizi wenu anakuitaje?" Mpangaji akijibu kwamba anaitwa kwa jina lake, Shangazi anapita. Akijibu, "Ananiitaga wewe wa chumba cha uani," Shangazi anavuta mdomo, na jioni hiyo Baba Mkubwa atakuwa na kazi ya kujieleza.

Mwisho kabisa ni kile chumba. Anautungua ufunguo kwenye msumari, anafungua, anakaa kitandani. Kilikuwa kitanda cha mninga kilichochongwa Keko, babu alikiagiza mwenyewe. Anakichezesha chezesha kusikia kama kinalia, ananusa shuka, anafungua dirisha, anafunga dirisha. Anatoka, anafunga mlango, anarudisha ufunguo mahali pake. Hapo sasa, ukimpa chakula, anakula.

Watu wakamwona ni mchokozi, kwamba anawatafuta kaka zake ubaya. Mwenyewe akacheka. "Mie sitafuti mwizi. Mwizi mngeshamjua zamani, angekuwa na gari. Mie natafuta haya. Hapa watu wana haya ya kuuliza, na nyumba haiwezi kujisemea."

Alikuwa na maneno yake kuhusu usimamizi, na alikuwa anayatoa ovyo, akiwa anachambua mchele au anasuka mtoto nywele. Msimamizi akikujibu "msijali", anza kujali siku hiyo hiyo. Ukiona rangi mpya ukutani, nenda kwanza kaangalie chemba ya maji machafu imekaaje, kwa sababu rangi inapakwa kwa ajili ya mgeni na chemba inazibuliwa kwa ajili ya mkaaji. Nakumbuka mara moja Baba Mkubwa alikuwa anamkanya mpangaji aliyefungulia redio kwa nguvu. "Kwangu hapa sitaki kelele!" Shangazi alikuwa uani na ungo wake wa mchele, wala hakuinua kichwa.

"Kwako wapi, kaka?"

Baba Mkubwa akacheka mwenyewe mpaka kofia ikamdondoka. "Haya bwana. Kwetu hapa hatutaki kelele." Mpangaji naye akacheka, redio ikazimwa, ikawa imekwisha. Walipendana sana wale ndugu wawili, hilo lazima niliseme.

Sasa usije ukafikiri nakusimulia habari za mtu aliyenyooka. Shangazi kwa hela zake mwenyewe alikuwa majanga. Alikuwa kwenye michezo ya kupeana ya wanawake wa Ukonga, mingi mpaka anasahau upi ni wa nani, na siku ya zamu yake kufika hela haifiki nyumbani. Inaishia kwa muuza vitenge, au kwa jirani mwenye mtoto mgonjwa, au kwenye seti ya mabakuli yenye mifuniko ambayo hakuna mifuniko yake iliyowahi kuonekana baada ya wiki. Alikuwa na sukari, daktari kamkataza, na ndani ya ile pochi nyeusi hakukosekana kashata iliyofungwa kwenye karatasi. Ukimkuta nayo anasema, "Hii ni ya mtoto." Mtoto gani, hasemi. Na karata? Weee! Shangazi alikuwa mwizi wa karata wa hatari. Alikuwa anaficha dume chini ya paja, ukimshika anakasirika yeye, anakuambia umemkosea adabu mkubwa wako. Ukoo ulipowahi kumwomba yeye ndiye akusanye kodi, alikataa katakata. "Mie nikishika hela nazitapanya, najijua. Anayekagua asishike. Mkinipa kushika, nani atakuja kuomba maji?"

Niliyoyasema mpaka hapa ni ya enzi za Baba Mkubwa, ambazo zilikuwa nzuri. Baba Mkubwa alipofariki, usimamizi ukaenda kwa mwanawe wa kwanza. Sie wote tunamwita Braza, hata wapangaji wanamwita Braza. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza hata shule, na Shangazi, ambaye Mungu hakumjalia kuzaa, ndiye aliyemchukua akamlea Ukonga. Akambeba mgongoni, akamsomesha, akamwoza. Braza mpaka kesho anamwita mama. Kwa hiyo usimamizi ulipomwangukia, Shangazi alipiga kigelegele pale pale matangani, watu wakamshangaa.

Na Braza ni mtu mtamu, jamani. Hakuna asiyempenda. Msiba ukitokea kwenye ukoo, hujamaliza kulia, ameshafika na turubai na mchele. Harusi ikiwepo, yuko kwenye kamati, anaahidi mchango mkubwa na anautoa kweli. Siku yenyewe ukumbini emsii anamtaja jina kwa kulivuta, Braza anainuka na kanzu yake inavyong'aa, akina mama tunapiga vigelegele mpaka koo zinakauka. "Braza ana moyo!" Kila mtu alikuwa anasema hivyo. Hakuna aliyejiuliza muuza vipuri vya bodaboda anaupata wapi moyo wa ukubwa ule. Na ungeanzaje kumuuliza? Baba yangu mzazi alipofariki, turubai tulilokalia lilikuwa la Braza. Unamuuliza vipi mtu wa namna hiyo mambo ya kodi?

Shangazi aliendelea kuja. Lakini Braza alikuwa amehamia vyumba viwili pale pale nyumbani, kimoja amekifanya sebule, na akimwona tu Shangazi anakuja barabarani anamkimbilia. "Mama, pole na safari, pumzika kwanza." Anamkalisha kwenye kochi, anamwashia feni, wifi yetu, mke wa Braza, analeta kuku wa kukaanga. Na maji? Maji ya chupa, ya dukani, baridi mpaka chupa inatoka jasho. Shangazi anayainua kwenye mwanga kama kawaida yake, anayaona meupe, anakunywa yote. Anakula, anasinzia kidogo, anaamka, Braza anamtafutia bajaji ya kumrudisha. Korido anaipita akiwa ameshikwa mkono.

Mie wakati huo nilikuwa nimeolewa Sinza. Ndoa yangu sitaisimulia hapa, si yenyewe iliyonileta. Ilifika mwisho, nikapewa talaka yangu, nikakodi kirikuu, nikapakia godoro, cherehani yangu na watoto wangu wawili. Watu wananiulizaga kama nililia njiani. Sikulia. Nilikuwa nimekaa mbele na dereva, mto nimeupakata, nasema moyoni, mie nina kwetu. Kuna ufunguo kwenye msumari. Nitafika, nitaushika, nitalala, na mtu wa kwanza kuniuliza atasubiri mpaka asubuhi.

Kirikuu ikasimama mbele ya nyumba, nikafikiri dereva kakosea. Ukuta wa mbele, upande wa kushoto, ulikuwa umetobolewa mlango. Mlango wa kioo, juu umechorwa kichwa cha mwanamume aliyenyoa panki, spika iko nje inapiga singeli, barabara nzima inatikisika. Ndani kuna vioo, viti vya kuzunguka, na kijana mwenye aproni.

"Karibu sista! Madogo wananyoa?"

Nimesimama pale na mto wangu. Chumba cha aliyekwama kimekuwa saluni ya kiume, mpya kabisa, rangi bado inanukia.

Nikaingia kwa mlango mkubwa, nikaangalia koridoni. Msumari ulikuwepo. Juu yake palikuwa na saa ya ukutani, imeandikwa asante kwa kufanikisha harusi yetu, na majina ya maharusi. Hapo sasa ndipo nilipolia. Sioni aibu kusema. Nililia mpaka wapangaji wakatoka, wakanishushia godoro wenyewe bila kuniuliza ni nani. Braza akatoka sebuleni mbio, akanikumbatia, akalia na yeye, maana ndivyo alivyo. "Msijali, sista. Nitakutafutia chumba, hata Mbagala, nitakulipia mie. Msijali kabisa."

Neno lile nililisikia kwa masikio ya Shangazi. Nikatoka nje nikampigia simu. Hakuniuliza habari za mume. Hakuniuliza habari za watoto, ambao muda ule walikuwa wameshakaa kwenye viti vya kuzunguka, kinyozi anawazungusha wanacheka.

"Ufunguo uko?"

"Hauko, Shangazi. Wametundika saa."

"Nakuja."

Asubuhi ya kesho yake alikuwa mlangoni. Braza akamkimbilia, chupa ya maji mkononi. Shangazi aliitazama ile chupa, akamtazama Braza, akampita. Akaenda uani mwenyewe, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatema kutu, likatulia. Akaenda chooni, akatoka upesi na ushungi puani. Chemba ilikuwa imefurika, wapangaji walikuwa wanachangishana wenyewe hela ya gari la kuvuta maji machafu. Akaanza mlango wa kwanza. "Jina lako nani, mwanangu?" Mama mmoja muuza maharage akamwonyesha ndoo aliyoiweka juu ya kabati kukinga mvua. "Bibi, tumesema. Braza si mtu mbaya, anatusikiliza vizuri kabisa. Anasema msijali."

Akamalizia kwenye saluni. Kijana akazima muziki kwa heshima. Shangazi akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, pale pale kilipokuwa kitanda, akajiona kwenye kioo, akamwona na Braza nyuma yake.

"Kitanda cha baba yangu kiko wapi?"

Braza akajikuna shingo. Kitanda alikuwa amekitoa zawadi. Mdogo wetu mmoja alipooa, Braza akakipiga vanishi upya, akakifunga utepe, akakipeleka ukumbini. Nikakumbuka. Mungu wangu, nikakumbuka! Kigelegele cha kwanza siku ile nilikipiga mie. Nikakiona kitanda kinapita na utepe wake mwekundu, nikasema huyu Braza huyu, ana moyo.

Jumapili yake ukoo ukakaa uani. Walikuja wengi kuliko siku za Idi, kwa sababu habari ya saluni ilikuwa imeshafika mpaka Kigamboni. Baba Mdogo, yule wa mwisho wa kuzaliwa, akaanza kwa kusema lililokuwa kwenye vichwa vya wengi: nyumba imechoka, kiwanja kiko barabarani, tuuze kila mtu apate chake, tuondoe ugomvi. Baadhi wakaitikia kwa vichwa. Ikiuzwa ile nyumba, mie na wanangu tunakwenda wapi na godoro letu?

Shangazi hakupandisha sauti. Akamuuliza mdogo wake, "Una mabinti wangapi wewe?"

"Si unawajua, dada. Watatu."

"Mmoja wao akirudi na godoro, atalala kwenye fungu lako? Utakuwa bado unalo?"

Mke wa Baba Mdogo, aliyekuwa amekaa na akina mama, akasema kwa sauti kwamba nyumba isiuzwe. Ikaishia hapo.

Halafu wakamgeukia Braza, na mmoja akalitamka neno mwizi. Shangazi akamkata. "Mwizi yupi? Mwanangu hata baiskeli hana. Hela aliwapa nyie. Turubai la misiba yenu, mchele wenu, michango ya harusi zenu, vyote vilitoka kwenye hii kodi, na kila akitoa mnampigia vigelegele. Mlikuwa mnashangilia hela yenu wenyewe, na chemba inafurika." Akina mama tukatazama kanga zetu. Kisha akafanya ambalo sikulitegemea. Sauti ikamvunjika. "Na wa kwanza kukosa ni mie. Kila nyumba naomba maji. Kwa mwanangu nilipewa kuku, nikakaa. Nilimpenda nikakaa."

Braza alilia kama mtoto. Akaenda akapiga magoti mbele yake, akaweka kichwa mapajani kwake, na yule mama akawa anampapasa kisogo mbele ya watu wote, huku anaendelea na kikao. Huyo ndiye Shangazi. Hakumwachia hata kidogo, wala hakumsukuma.

Yaliyoamuliwa yalikuwa mepesi. Kinyozi hana kosa, alikuwa amelipa kodi ya mwaka mzima, amalize mwaka wake kwa amani. Mpaka hapo, Braza atoe sebule yake nilale mie na wanangu. Kodi asiishike tena. Niishike mie, na mafundi nihangaike nao mie. Braza abaki kuwa msemaji wetu kwenye harusi na misiba, maana hilo Mungu amempa, ila atoe mfukoni kwake. Na yeyote wa ukoo, mkubwa kwa mdogo, akija siku yoyote akaomba maji, apewe ya bombani na asinuniwe.

Mwaka ule wa kukaa sebuleni kwa Braza nilidhani utakuwa wa kununiana, kumbe ulikuwa wa raha. Wifi yangu alinuna kwa muda mfupi, kisha siku moja nikamshonea gauni, akaanza kuniachia watoto, na tangu hapo sufuria likawa moja. Mwaka wa kinyozi ulipokwisha alihamia fremu ya duka ng'ambo ya barabara, spika yake na vyote, na wanangu mpaka leo anawanyoa kwa nusu bei. Braza aliuziba mlango kwa mikono yake, alichanganya saruji mwenyewe. Rangi ya pale haikuwahi kufanana na ukuta mwingine. Ukipita barabarani utaliona lile umbo la mlango, na chini yake, barazani, utaniona mie na cherehani yangu. Kitanda cha mninga hakikurudi, maharusi walikuwa wameshakizoea na tukaona vibaya kuwanyang'anya. Braza alikwenda Keko na faida ya vipuri vyake akaleta kingine, si cha mninga, lakini hakilii. Nami nilipopata chumba changu cha uani, nikakodi kama mpangaji mwingine yeyote, tukautundika ufunguo msumarini. Ile saa aliichukua wifi akaiweka jikoni kwake, iko nyuma kila siku.

Hapo ndipo nilipomjua Shangazi vizuri, nilipokuwa mie wa kukaguliwa. Wee! Nilikuwa nikimwona tu barabarani, nakimbilia kuifuta glasi. Hajawahi kunisifu hata mara moja. Mara glasi ina alama za vidole, mara balbu ya koridoni imeungua, mara yule mpangaji mpya jina lake nimelikosea. Nikizibua chemba anauliza mbona bati halijapigiliwa. Nikipigilia bati anauliza tangi lilioshwa lini. Kuku nilimpikia, lakini alikula baada ya kuzunguka, na mie sikuthubutu kumkalisha kabla. Braza ndiye aliyekuwa ananipoza. "Akikosa la kusema ndiyo uogope," ananiambia. "Ujue hajaangalia."

Siku zikaenda, akazeeka. Ziara zikapungua. Nikimpigia simu anasema magoti, magoti, huku nasikia anatafuna kashata.

Mwaka huu, baada ya Idi, nilikuwa barazani nashona sare za shule, bajaji ikasimama. Akashuka taratibu, mkono mmoja kwenye bomba la bajaji, mwingine umebana pochi. Nikainuka nikampa shikamoo yake. Akaitikia, akasimama kidogo akavuta pumzi, akautazama ukuta pale penye umbo la mlango.

"Maji ya kunywa mnayo?"

Nikampa ya bombani. Akayainua kwenye mwanga, akapiga funda moja. Akaenda chooni. Nikasimama koridoni kama mtahiniwa, najiuliza nimesahau nini. Akatoka, akaanza milango. Majina siku hizi yanampotea, yule mama wa maharage alimuuliza mara mbili, na mara zote mbili yule mama akajibu kwa furaha ile ile. Akafika msumarini. Akautungua ufunguo, akafungua, akakaa kitandani, akakichezesha. Akanusa shuka. Nikasubiri kosa langu.

Akavua ndala, akapandisha miguu juu, akaegemea ukuta.

"Kuna mtu anategemewa humu?"

"Hakuna, Shangazi."

"Basi mwambie kijana wa bajaji alete begi langu."

Sikuuliza kitu. Nilitoka nje, nikalichukua lile begi. Lilikuwa zito, na juu yake palikuwa na seti ya mabakuli isiyo na mifuniko. Nilipoliweka miguuni kwake alikuwa ameshafungua dirisha. "Bomba la bafuni linadondoka," akasema. Nikamwambia fundi anakuja kesho.

Maswali sikumuuliza hata baadaye, alisema mwenyewe alipokwisha kula. Watoto wa marehemu mumewe wameuza nyumba ya Ukonga. Ni ya baba yao, hana kinyongo, na fungu lake walimpa kwa heshima. Fungu lenyewe? Limekwisha. Kuna jirani alikuwa anadaiwa ada za wajukuu, kuna mchezo alikuwa anadaiwa, na kilichobaki amenunulia friji. "Friji linakuja kesho," akasema, kama vile hiyo ndiyo habari kubwa. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, naye akacheka, halafu akaushika mkono wangu akaubana. Sijawahi kujisikia fahari kama jioni ile.

Braza alirudi kutoka dukani magharibi, mikono ina mafuta ya vipuri. Nilikuwa jikoni na wifi, nikamsikia anaingia koridoni, hatua zikasimama. Nikachungulia. Alikuwa amesimama chini ya msumari, ameinua kichwa, anautazama mtupu. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya kikao.

"Sista. Ufunguo uko wapi?"

"Chumba kina mtu, Braza."

Kabla hajauliza ni nani, sauti ikatoka ndani, ya kukoroma kidogo, ya mtu aliyetoka kuamka kwenye usingizi mzuri.

"Ingia, mwanangu. Na uje na maji. Ya bombani, usiniletee ya chupa."